Bunduki ya Babu Haina Kosa

Babu anapofariki huko Kanada au Uingereza, mirathi hugawanywa kwa utulivu mpaka ifikie ile bunduki. Nyumba ina hati, fedha ziko benki, lakini Lee-Enfield iliyokaa nyuma ya kabati tangu vita vimalizike humwangukia mjukuu mmoja mwenye kibali. (Wazee wetu wa keya, lile jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, walioibeba bunduki hiyohiyo hadi Burma, waliwaepusha wajukuu wao na balaa hili: bunduki ilibaki kwenye ghala la jeshi, wao wakarudi na medali na koti zito.) Jumamosi ya kwanza mjukuu anaipeleka kwenye uwanja wa shabaha, anafyatua risasi tano, na matundu matano yanatawanyika kwenye karatasi kama wageni wa harusi wasiojuana. Hukumu inatoka papo hapo: bunduki imezeeka, inahitaji kuboreshwa. Kufika Jumapili asubuhi tupa, msasa na bisibisi vimeshapangwa mezani. Mimi nasema aliyekamatwa hana hatia, na kwamba katika mambo yote yanayoweza kuirudishia bunduki ile shabaha yake, tupa iwe ya mwisho kuguswa.

Ushahidi wa kwanza ni wa kifalme. Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha kitaifa cha kulenga shabaha pale Wimbledon. Bunduki ya Whitworth ilifungwa barabara kwenye kitegemeo cha chuma, mafundi wakailenga, na kazi ya Malkia ikawa kuvuta uzi wa hariri. Risasi ikaenda yadi 400 na kugonga karibu kabisa na kitovu. Bunduki ile ilikuwa ya kushindilia baruti mdomoni, ya kizazi cha nyuma mno kuliko Lee-Enfield, lakini ilikosa kitu kimoja ambacho bunduki ya mjukuu inacho: bega la mtu. Bega linaogopa teke. Jicho hufumba kabla ya mlio, na kidole kinachotakiwa kubana triga taratibu huinyakua kama anayeokota kaa la moto. Kwa hiyo kabla ya kufungua skrubu hata moja, bunduki ilazwe juu ya mfuko wa mchanga na apewe mlengaji mzoefu. Matundu yakikusanyika, kesi imekwisha, na mshtakiwa halisi arudi nyumbani akafanye mazoezi.

Tuseme hata kwa mzoefu yanatawanyika. Bado tupa ikae sandukuni, kwa kuwa washukiwa wanaofuata ni wa bei nafuu. Fataki za risasi za zamani za kijeshi ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Mkazi yeyote wa pwani aliyewahi kuezeka bati anajua habari hiyo inakoishia. Mafuta hayaondoi chumvi. Maji ndiyo yanayoiondoa, na askari wa Uingereza walimimina maji ya moto kwenye mtutu kwa faneli ya kazi hiyo, wakaukausha, ndipo wakaupaka mafuta. Yaani kifaa cha kwanza cha kulinda shabaha ni birika la chai, na tatizo la birika ni kwamba hakuna mjukuu anayeweza kujisifia nalo mbele ya wenzake. Kisha zipo risasi zenyewe. Bunduki inaitwa 303 kwa sababu ya tundu lake la inchi 0.303, lakini risasi yake ina kipenyo cha inchi 0.311 hivi, maana ni lazima ijae kwenye mifuo inayoizungusha, na mitutu mingine iliyochongwa kwa haraka ya vita ni mipana zaidi ya hapo. Risasi nyembamba kwenye mtutu mpana ni mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba: utafika, lakini kwa kuyumba. Kupima mtutu na kununua risasi inayoujaa hakuhitaji msasa.

Msiba mkubwa umo kwenye bisibisi. Katika modeli ya Mark III, ile skrubu ndefu inayoshika kitako ina ncha ya mraba iliyojifungia kwenye bamba lililo nyuma ya ubao wa mbele. Anayeizungusha ili akaze kitako, bila kwanza kuvua ubao huo, anaupasua. Ubao uliovumilia matope ya mahandaki unapasukia mezani jikoni, mikononi mwa mtu aliyekuja kuusaidia! Na si pambo ule. Namna unavyoukumbatia mtutu ndiyo inayoamua kama risasi ya pili itaifuata ya kwanza.

Mjukuu atapinga kwamba bunduki hizi zilipiga kombo hata zikiwa mpya. Ni kweli. Katika Vita vya Makaburu, Lee-Enfield za mwanzo zilifika Afrika Kusini na vilengeo vilivyowekwa vibaya, zikawa zinapiga kama inchi 18 kulia kwa umbali wa yadi 500. Lakini zilikosea upande mmoja. Bunduki ya namna hiyo ni tarishi mwaminifu aliyepewa anwani mbovu. Sogeza kilengeo, barua itafika. Ya mjukuu inakosea pande tano.

Pingamizi zito zaidi ni la wadunguzi. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi lilipeleka Lee-Enfield Namba 4 zaidi ya 20,000 kwa Holland & Holland wa London, zikafungwa darubini na kibao cha kuegemeza shavu. Je, huko si kuboresha? Ni kuboresha, ila bunduki zenyewe zilikuwa zimeteuliwa kwa kuwa tayari zilipiga vizuri. Jeshi halikuchukua kipofu likamfanya aone. Lilichagua mwenye macho likamvalisha miwani. Wajukuu wa baada ya vita walifanya kinyume: Lee-Enfield zilipouzwa kwa bei ya kutupa, nyingi mno zilikatwa ubao ziwe nyepesi kwa kuwindia, na leo iliyokatwa haifikii bei ya isiyoguswa. Wakati huohuo askari wa akiba wa kaskazini ya Kanada, Canadian Rangers, waliibeba Namba 4 kwenye barafu tangu 1947 hadi miaka ya 2010, komeo lake la kufungia risasi likichezacheza kwa namna ileile inayomtisha mjukuu.

Kasoro moja ya kweli naikubali: kamba ya kusafishia, ikivutwa kombo miaka mingi, huula mdomo wa mtutu upande mmoja, na risasi hutoka imeinama. Hapo aitwe fundi wa silaha, ambaye kwa usalama alipaswa kuikagua kabla ya risasi ya kwanza. Atachungulia mtutu kwa tochi, atapapasa mdomo kwa kidole, na kabla ya kutaja bei atauliza kama maji yamechemka.