Lugha Huingia kwa Kuchekwa

Kujifunza lugha ya pili ni kazi ambayo watu wengi duniani wameimaliza bila kujua kwamba walikuwa kazini. Mtoto wa Lushoto huzungumza Kisambaa na bibi yake na Kiswahili na wenzake mtaani, kisha hupelekwa shule akaongezewa Kiingereza, na hakuna anayempigia makofi. Mtu mzima akiamua kujifunza lugha moja tu, hununua daftari jipya, kalamu za rangi tatu na kamusi nzito, hutangazia ukoo mzima, na baada ya miezi mitatu anaweza kutaja jina lake na kuagiza chai, mradi mwenye hoteli asimuulize swali la ziada. Tofauti hiyo imewaumiza wataalamu vichwa kwa karne nyingi, na kila dawa waliyoibuni imeacha vituko vyake.

Dawa inayopendwa zaidi na wasomi ni kitabu. Shahidi wake mkuu ni François Gouin, mwalimu Mfaransa aliyekwenda Hamburg katika karne ya 19 kujifunza Kijerumani. Gouin hakutaka kusumbuana na watu. Alijifungia chumbani na kitabu cha sarufi, akakariri kanuni zote pamoja na vitenzi 248 visivyofuata kanuni, akamaliza kwa siku kumi, kisha akaenda chuoni kusikiliza mhadhara. Hakuambulia hata neno moja. Alirudi chumbani akakariri mizizi 800 ya maneno, akaenda tena chuoni, akatoka mikono mitupu. Alijaribu kuwatafsiri washairi wakubwa wa Kijerumani, mambo yakawa yale yale. Mwishowe aliikariri kamusi yenyewe, maneno yapatayo 30,000, mpaka macho yakaanza kumuuma, na bado mhadhiri alionekana kuzungumza na watu wengine.

Katikati ya mateso hayo Gouin aliwahi kushuka kwa kinyozi wa jirani ili apige soga na wateja. Wateja walimcheka. Aliona haya, akarudi kwenye vitabu vyake. Hapo ndipo alipopotea njia, kwa sababu pale kwa kinyozi ndipo Kijerumani kilipokuwa kinaishi. Aliporudi kwao Ufaransa alimkuta mpwa wake, mtoto ambaye hata miaka mitatu hajatimiza, akimimina Kifaransa kutwa nzima. Gouin alipomwacha, mtoto alikuwa bado anababaika. Mtoto huyo hakuwa na sarufi wala kamusi, na alipochekwa alidhani anasifiwa. Gouin alikubali yaishe, akaanza kumchunguza mtoto anavyosema, na mwaka 1880 akachapisha kitabu cha namna ya kufundisha lugha kwa mfuatano wa vitendo vya kila siku: mtu anakwenda mlangoni, anashika kitasa, anafungua. Kwa maneno mengine, profesa alikwenda masomoni kwa mtoto wa chekechea.

Wasio na subira ya sarufi hukimbilia vitabu vidogo vya mazungumzo, vile vinavyomfundisha msafiri kuuliza njia ya kwenda stesheni bila kumfundisha kuelewa atakachojibiwa. Maarufu kuliko vyote katika ukoo huo kilichapishwa mwaka 1855 na Mreno aliyeitwa Pedro Carolino, kwa nia njema ya kuwafundisha Wareno Kiingereza. Kasoro ilikuwa moja: mwandishi mwenyewe hakukijua Kiingereza. Inaaminika alichukua kitabu cha mazungumzo ya Kireno na Kifaransa, akakaa na kamusi ya Kifaransa na Kiingereza, akabadilisha neno moja baada ya jingine hadi ukurasa wa mwisho. Waingereza walipokisoma walilia kwa kicheko. Mwaka 1883 kilitolewa Marekani kikiwa na utangulizi wa Mark Twain, bingwa wa ucheshi wa nchi hiyo, na kimeendelea kuchapwa. Ni vitabu vichache vya lugha vilivyoishi muda mrefu hivyo, ingawa hakuna aliyewahi kukinunua ili ajifunze.

Kukariri maneno nako kuna mabingwa wake. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa mchezo wa Scrabble kwa Kifaransa mwaka 2015 baada ya kukariri orodha ya maneno kwa takriban wiki tisa, na mwaka 2024 akashinda kwa Kihispania. Hakuna kati ya lugha hizo mbili anayoizungumza. Maneno anayo kuliko Wafaransa wenyewe, ila hawezi kuyatumia kuagizia mkate. Ushindi wake ni ushahidi kwamba msamiati na lugha ni vitu viwili, na kwamba mtu anaweza kuwa na ghala zima la matofali akalala nje.

Heinrich Schliemann, mfanyabiashara Mjerumani aliyekuja kusifika kwa kuchimbua magofu ya Troya, alichagua njia ya sauti. Akiwa karani huko Amsterdam katika miaka ya 1840 alijifunza lugha moja baada ya nyingine kwa kusoma kwa sauti kubwa na kukariri kurasa nzima. Ilipofika zamu ya Kirusi hakupata mwalimu, naye aliona kusoma peke yake hakunogi. Akamwajiri mzee mmoja kwa malipo ya kila wiki, kazi yake ikiwa kuja jioni kukaa kitini na kusikiliza Kirusi. Mzee huyo hakujua hata silabi moja ya lugha hiyo. Wapangaji wenzake, ambao walikisikiliza Kirusi hicho bila malipo kupitia sakafu nyembamba, walilalamika kwa mwenye nyumba, na Schliemann alilazimika kuhama mara mbili. Hata hivyo Kirusi alikijua, kikampeleka Urusi, akatajirika huko. Kichekesho chake kina busara ndani: lugha inataka kutoka kinywani, hata kama anayesikiliza anasubiri mshahara tu.

Ufundishaji nao una bahati zake. Maximilian Berlitz alifungua shule ya lugha katika mji wa Providence, Marekani, mwaka 1878. Alihitaji msaidizi wa Kifaransa, akamwajiri Nicholas Joly, na Joly alipofika ikabainika kwamba hajui Kiingereza. Berlitz mwenyewe alikuwa mgonjwa, hivyo darasa likaachiwa mtu asiyeweza kueleza lolote kwa lugha ya wanafunzi wake. Joly alionyesha vitu kwa kidole, akaigiza, akataja majina, akarudia. Inasimuliwa kwamba Berlitz alipopata nafuu wiki kadhaa baadaye alijiandaa kuomba radhi, akakuta wanafunzi wanaulizana na kujibizana kwa Kifaransa. Tangu hapo shule zake zikaacha tafsiri darasani, na njia iliyotokana na ugonjwa ikasambaa duniani.

Madarasa mengi ya Afrika Mashariki hayajapata bahati hiyo. Mwalimu huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyooo!" Mwalimu huuliza kama kuna swali, na kimya hutanda mpaka sauti ya mpishi akikwangua sufuria ya makande inasikika. Katika vijiji vingi salamu ya "gudimoningi ticha" hutolewa kwa kila mgeni wa Kizungu apitaye, awe mwalimu au fundi wa mitambo, na hata kama jua linazama. Watoto hao hawakukosea kukariri. Walifundishwa salamu asubuhi, darasani, mbele ya mwalimu, na hakuna aliyewaambia kwamba salamu hiyo ina saa zake.

Njia mbaya kuliko zote ni ya adhabu. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi shule za Kenya wakati wa ukoloni zilivyowaadhibu watoto waliokutwa wakisema lugha zao za nyumbani. Kifungo cha nguo kilipewa mwanafunzi mmoja, naye akampa mwenzake aliyemnasa akisema lugha ya nyumbani, hadi jioni ukoo wote wa wakosaji ukajulikana. Somo la upelelezi lilifaulu sana. Somo la lugha lilimfunza mtoto jambo moja kubwa, nalo ni kwamba kukaa kimya ndiko salama.

Wageni wanaojifunza Kiswahili wana mitihani yao. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba Mmarekani anahitaji wiki kama 36, yaani saa 900 hivi za darasa, ili akimudu Kiswahili kikazi. Hiyo ni chini ya nusu ya saa zinazotakiwa kwa Kiarabu au Kijapani, lakini hesabu hiyo haikuingiza saa za kupotea njia. Tiketi ikiandikwa saa 12:00 asubuhi, mgeni hufika stendi jua likiwa utosini, wakati basi limeshapita Morogoro na kiti chake kimepata mwenyewe. Akishazoea saa huvamiwa na ngeli. Hufundishwa kwamba viumbe hai vina upatanisho wao, aseme "mbwa wangu", asiseme "mbwa yangu". Hufurahi, na kwa furaha hiyo hutangaza kwamba amepata "rafiki wangu mpya". Hapo huambiwa aseme "rafiki yangu". Akiuliza kwa nini, hujibiwa, "Ndivyo tunavyosema." Jibu hilo halimo katika kitabu chochote cha sarufi, na ndilo sahihi.

Kikwazo kikubwa zaidi cha mgeni ni adabu ya wenyeji. Mtu wa pwani akisikia Kiswahili kilichovunjika kila kiungo husema, "Mashallah, unajua Kiswahili kutushinda sisi!" Mgeni huyo huamini, naye huendelea na makosa yale yale hadi uzeeni. Wanaomsaidia ni wachache wenye roho ya kucheka. Mgeni mmoja Unguja, akiwa bado na moto wa somo la salamu, alimwinamia mtoto wa miaka mitano aliyekaa barazani, akamwambia, "Shikamoo." Mtoto aliangaza kushoto na kulia akimtafuta mtu mzima, hakumwona, akajikaza na kuitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu." Bibi yake alicheka hadi kanga ikamdondoka begani. Somo la nani humwamkia nani liliingia siku hiyo na halikutoka tena.

Lugha ikishaingia, inabaki swali la kuitunza. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijitesa mwenyewe kwa miaka kadhaa akikariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha matokeo. Alipima juhudi anayookoa akijifunza upya orodha aliyokwisha kuikariri. Baada ya saa moja aliokoa chini ya nusu ya juhudi za mwanzo, baada ya siku moja kama theluthi, na baada ya mwezi kama moja ya tano. Maana yake ni kwamba anayekesha akikariri usiku wa mtihani anayapeleka maneno hayo moja kwa moja kwenye usahaulifu, yakipitia karatasi ya majibu. Dawa yake ni kurudia kwa kuachanisha siku: leo, kesho kutwa, wiki ijayo, mwezi ujao.

Kuna pia habari njema. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Harry Bahrick alitoa utafiti wa watu 733 waliojifunza Kihispania shuleni au chuoni, wengine wakiwa wamekiacha miaka 50 iliyopita. Sehemu kubwa ya walichojua ilipotea katika miaka michache ya kwanza. Kilichonusurika hapo kilikaa karibu bila kupungua kwa miaka 25 au zaidi. Waliojifunza kwa muda mrefu na kwa undani ndio waliobaki na akiba nono.

Yote haya yanaleta hukumu moja. Kitabu kina faida, kamusi ina faida, na mwalimu mzuri ana faida kuliko vyote viwili, lakini hakuna kati yao atakayezungumza kwa niaba ya mwanafunzi. Anayetaka lugha aanze leo kuisema vibaya mbele za watu, aombe asahihishwe, arudie kesho kutwa, na akichekwa acheke nao. Naye mwenyeji anayemsikia mgeni akikosea asimhurumie kwa kumsifia. Amcheke kidogo, kisha amwambie inavyosemwa.