Mkwe, Mama Mkwe na Hema Moja

Wazo la kupiga kambi lilikuwa la mume wangu. Alitaka watoto walale nje walau mara moja, wasikie maji badala ya bodaboda. Akachagua Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, kwa kuwa kutoka kwetu Morogoro si mbali, na maporomoko ya Sanje alikuwa akiyasikia tangu sekondari bila kuyatia machoni. Mahema tuliazima kwa mdogo wangu, wakala wa fedha za simu pale stendi, ambaye stoo yake imejaa vitu vya watu. Kila kitu kilikaa sawa, hadi jioni ya kuamkia safari mama yangu aliposhuka kwenye basi la Dodoma na kopo la karanga kwapani.

Mama hana desturi ya kutoa taarifa. Kumwacha peke yake nyumbani haikuwezekana, na kuahirisha mume wangu hakutaka, ada ya hifadhi alishailipa. Basi nikamweleza mama kwamba kesho tunakwenda wote kulala porini, kando ya mto, kwenye hema. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanivuta chumbani na kurudishia mlango.

"Mwanangu, niambie ukweli. Kodi imewashinda?"

Hapo sina budi kueleza jambo moja. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hupendana kwa mbali. Hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, na la kulala chumba kimoja hata halizungumzwi. Mama yangu anampenda mume wangu kuliko anavyonipenda mimi, lakini akiwa na neno kwake hulipitisha kwangu, hata kama mwenyewe amekaa hatua mbili kutoka pale. "Mwambie mumeo chai yake inapoa." Naye hujibu kwa njia hiyohiyo: "Mwambie mama nashukuru." Nyumbani tuna vyumba na korido, kwa hiyo mambo huenda. Porini tulikuwa na mahema mawili, kubwa la mama, mimi na watoto, na dogo la baba mwenye nyumba. Tukaona heshima imepata pa kulala.

Safari yenyewe ilikuwa njema. Barabara kuu ya Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na pale pana bango la faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake kwa dola. Mama alitaka asomewe lote, kuanzia twiga hadi ngiri. Akatafakari. "Muulize mumeo, tembo akitugonga sisi, tunalipwa ngapi?" Mume wangu alipunguza mwendo, hakujibu. Mjini Mikumi tukakunja kushoto, tukavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, tukaingia kwenye miwa isiyo na mwisho. Upande wa kulia milima ikawa imesimama wima kama ukuta, msitu tangu chini hadi juu.

Mang'ula, kwenye makao makuu ya hifadhi, askari alitupokea vizuri. Akatueleza kwamba hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ndani hakuna barabara ya kutalii kwa gari, ni mwendo wa miguu. Akatuonya mawili: chakula kisiachwe wazi kwa sababu ya nyani, na usiku mtu asizurure kwa sababu ya tembo. Onyo la kwanza lilivunjwa kabla hajamaliza kulitoa. Nyani mmoja dume alikuwa ameshatua juu ya boneti, na kopo la karanga la mama likapanda naye mtini. Alilifungua kwa meno, akatuangalia huku akila. Mama alimsemesha kwa Kigogo, maneno ambayo sitayatafsiri.

Hema kubwa lilisimama vizuri. Lile dogo, mume wangu alilibeba kando, chini ya mti, mahali pa heshima. Akafungua zipu ya mfuko, akachomoa bomba la chuma. Akachomoa na kitako cha plastiki cha kujaza maji. Mwisho akavuta kitambaa, kikafumuka chenyewe, na mbele yetu ukachanua mwavuli mkubwa wa biashara, wenye rangi za kampuni ya simu na maandishi ya kuwakaribisha wateja kutoa na kuweka pesa. Nilimpigia mdogo wangu. Akapokea akihema, yuko juani pale stendi, wateja wamemzunguka, anahangaika na vigingi na kamba. "Dada," akasema, "mwavuli wangu umekuwa nyumba."

Mume wangu akatangaza kwamba atalala kwenye gari. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekuwa amepanga hivyo tangu zamani. Mvua ikanyesha saa moja usiku, tukasonga ugali chini ya mwavuli, tukala dagaa, na suruali yake iliyolowa akaivua ndani ya gari na kumpitishia kifungua mimba wetu dirishani, aende akaitundike kwenye vyuma vya mwavuli ipate upepo. Mtoto amelelewa. Aliitundika vizuri, akakumbuka jinsi baba yake anavyosisitiza gari lifungwe kila usiku, akaipapasa rimoti mfukoni mwa suruali na kuibonyeza. Gari likaitikia kwa mlio mfupi. Baba yake alikuwa keshaanza kukoroma.

Ndani ya hema watoto walilala. Mama hakulala. Kwake Dodoma maji yana ratiba, na masikio yake kwa miaka mingi yamefundishwa kuamka bomba likianza kudondosha.

"Nani kaacha maji wazi?"

"Ni mto, mama."

Akanyamaza. Baada ya kitambo: "Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Na hakuna anayekinga?"

Nilipitiwa na usingizi nikimweleza kwamba maji hayo yanashuka kuelekea bonde la Kilombero, kwenye mpunga na miwa, hayapotei. Inaelekea maelezo yangu hayakutosha. Nilichosikia baadaye ni zipu, kisha king'ora.

Mama alikuwa ametoka na tochi kwenda kuyaona maji hayo kwa macho yake. Njia ya mtoni inapita ubavuni mwa gari. Mwanga ukamgonga mume wangu usoni, akashtuka, akainuka, na gari lililofungwa na rimoti likamchukulia kuwa ni mwizi. Taa zikawaka na kuzima, nyani wakabweka juu ya miti, watoto wakalia. Nami nikatoka, nikakuta mama amesimama mbele ya gari na kanga mbili, tochi kaielekeza kwenye kioo, na ndani yake mkwe wake, mtu mzima, mhasibu, akiwa amevaa singlendi na bukta, anajaribu kujikunja chini ya usukani.

Askari akafika mbio na bunduki yake. "Mzee, zima gari lako!"

Mzee hakuweza kuzima. Ufunguo ulikuwa kwenye suruali, suruali kwenye mwavuli, mwavuli ng'ambo ya mama mkwe. Kufungua mlango kwa mkono kungewezekana, ila angelazimika kutoka, na kutoka alivyo asingeweza, hata tembo wangekuja. Mama naye hakugeuka, maana alikuwa bado hajatambua anammulika nani. Nilimwondolea kanga ya juu begani, nikaisukuma kupitia upenyo wa dirisha, nikamgeuza mama kuelekea mtoni, na kifungua mimba akaleta rimoti. Kimya kiliporudi, mama alisema akiwa ametupa mgongo: "Mwambie mumeo nilikuwa naangalia maji."

"Mwambie mama," ikaja sauti kutoka ndani ya kanga, "hapana shida."

Asubuhi hakuna aliyemtazama mwenzake. Tuliendesha hadi kijiji cha Sanje, tukapewa mwongoza wageni, tukaanza kupanda. Mama tulidhani atabaki chini na mwavuli. Akaubeba kama mkongojo, akatangulia na raba zake za shambani. Kijana alituonyesha mbega mwekundu, akatusimulia habari za ng'olaga, nyani wa Sanje, ambaye wataalamu walimfahamu mwaka 1979 ingawa wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. "Kwa hiyo kabla ya hapo," mama akauliza, "alikuwa anaishi bila kibali?"

Maporomoko yanashuka kwa ngazi tatu, jumla kama mita 170. Ukifika karibu, manyunyu yanakulowesha na mngurumo unameza kila kitu. Mama alikaa kwenye jiwe, akamtazama mume wangu aliyekaa jiwe la pili akipepesa kwa usingizi. Akanigeukia, akasema kitu. Sikusikia. Akarudia. Nikaonyesha masikio yangu. Basi akamgeukia mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa, akapaza sauti juu ya maji:

"Baba! Mkaja wangu hukuwahi kuumaliza!"

Mume wangu alisimama wima, mikono nyuma. "Kweli, mama!"

"Nilikusamehe! Sasa nimeghairi! Nataka hema!"

"Nimesikia, mama!"

Walipayukiana hivyo kwa muda mrefu, wakapatana mpaka rangi. Tuliporudi kwenye gari, mbali na maji, mama alifunga mkanda, akaangalia mbele, akanigusa goti.

"Mwambie mumeo," akasema, "liwe na zipu mbili, na baba yako mwakani atakuja."