Safu ya Ushauri: Boti ya Jeti Iliyotumika

Boti ya jeti haina propela inayoning'inia nje. Maji huvutwa kupitia wavu wa chuma ulio chini ya boti, husukumwa na panga la ndani liitwalo impela, kisha hutoka nyuma kwa kasi kupitia mdomo mwembamba. Mdomo ukielekezwa kando, boti nayo hugeuka. Bill Hamilton wa New Zealand aliiendeleza mitambo hiyo katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya kwao, yenye maji haba na mawe tele. Ziwa Kivu, kinyume chake, lina kina cha zaidi ya mita 470. Jambo hilo muuzaji wa wilaya ya Rusizi hatalitaja. Jeti hufaa kwenye kingo zenye mawe na mahali penye waogeleaji, lakini kwa mwendo wa kawaida katikati ya ziwa hunywa mafuta mengi kuliko propela.

Msomaji wa Kamembe ameahidiwa boti na shemeji yake. Injini imewashwa uani, boti ikiwa juu ya matofali, ikalia vizuri, na shemeji anataka fedha kabla ya Jumapili. Mlio wa uani huthibitisha kwamba betri ni nzima, basi. Jeti isiyo majini haina mzigo wa kusukuma; tena ikizungushwa kavu kwa muda, sili ya shafti huharibika, na maji hupata njia ya kuingia ndani ya boti. Mnunuzi huigusa injini kwa kiganja kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, kuna mtu aliyetangulia kuibembeleza. Baada ya hapo kompresheni ya kila silinda hupimwa, oili hukaguliwa (oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji), kisha boti hushushwa ziwani ikiwa na uzito wa abiria kamili, shemeji akiwa mmoja wao.

Msomaji wa kisiwa cha Nkombo alikwisha kuishusha boti yake. Injini inanguruma mpaka Bukavu wanasikia, ila boti inapitwa na mitumbwi ya wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza, ile mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti. Mizunguko mingi na mwendo mdogo ni dalili ya impela iliyolika. Nafasi kati ya ncha za impela na pete inayoizunguka hupimwa kwa sehemu za milimita. Mchanga ukiitanua, maji hurudi nyuma badala ya kusukumwa. Fundi huingiza tochi na geji kupitia tundu la ukaguzi, akitafuta ncha zilizopinda na mikwaruzo ndani ya pete. Shafti ikizungushwa kwa mkono haipasi kucheza wala kukwaruza.

Huenda pia kosa si la impela. Chupa na mifuko inayotupwa ziwani upande wa Bukavu huelea mpaka kwenye bwawa la Ruzizi I na kuziba njia ya maji ya mitambo ya umeme. Jeti huugua ugonjwa uleule: mfuko mmoja kwenye wavu huondoa nguvu yote, na kipande cha nyavu za sambaza hujisokota kwenye shafti. Kabla ya kununua pampu mpya, wavu usafishwe. Muuzaji asiyeweza kuonyesha jinsi unavyosafishwa huenda hakuwahi kuusafisha.

Mwinuko wa ziwa nao una sehemu yake. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Boti iliyokuwa hodari Mombasa huwasili Rusizi ikiwa imepungukiwa karibu moja ya saba ya nguvu zake, bila mtu kuiba kitu.

Maji ya Kivu yana madini mengi kuliko ya maziwa mengi ya maji baridi, nayo ni ya alikali, hali ambayo alumini haiipendi. Pampu hukaguliwa kama ina vishimo, na vipande vya zinki vinavyoilinda hutazamwa kama vimelika. Zinki iliyolika imefanya kazi yake. Iliyopakwa rangi haifanyi kitu.

Msomaji wa Mururu anataka boti ya kumfikisha Bujumbura kwa njia ya mto. Mto Rusizi hushuka karibu mita 700 kabla ya kufika Ziwa Tanganyika, sehemu kubwa ikiwa kwenye mabonde ya juu yenye maporomoko, na umezibwa na Ruzizi I tangu mwisho wa miaka ya 1950 na Ruzizi II tangu 1989. Tena ni mpaka wa nchi. Boti haifiki.

Hati huja mwisho ingawa zingestahili kutangulia: namba ya bodi na ya injini zilingane na karatasi, ushuru wa forodha uwe umelipwa, na anayetaka kubeba abiria aulizie leseni kabla ya kununua viti.

Aliyekwisha kulipa bila kuiona boti majini asiandike tena kwa safu hii, amwandikie shemeji.