Muulize Shangazi: Rauta Mbili, Paa Moja

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka kumi na moja ya ndoa na wiki mbili za mateso. Kampuni ya intaneti ilituletea kiboksi cheupe, ikatoboa ukuta, ikaondoka. Waifai yake haifiki chumbani, basi nikaenda Kariakoo nikanunua rauta yenye antena nne, nikaichomeka nyuma ya kiboksi. Printa nimeiunga kwenye rauta mpya. Simu ya mke wangu imeng'ang'ania waifai ya sebuleni na printa haiioni. Jana ameniuliza ninamficha nini.*
*Mume wa Tabata*

Marahaba mwanangu. Wewe humfichi kitu, rauta yako ndiyo inayoficha.

Hicho kiboksi cheupe kina rauta kamili tumboni. Kinaigawia anwani kila simu inayobisha hodi, kisha zikitoka kwenda intaneti kinazivika zote anwani moja. Rauta yako ya Kariakoo nayo imekuja na kazi hiyohiyo. Nyumba moja, wenye nyumba wawili, kila mmoja na daftari lake la wapangaji. Printa imeandikwa kwenye la ndani, simu ya mkeo kwenye la nje, na aliye nje hafunguliwi.

Najua unangoja nikutajie mafahali wawili na zizi lao. Sitaji. Mafahali wakipigana unaona vumbi. Hawa wamekaa kimya, taa zote kijani, ndiyo maana wiki mbili umezimaliza ukigeuzageuza antena.

Njia ya kwanza ni kukivua kiboksi urauta. Piga huduma kwa wateja, waombe wakigeuze daraja. Kwenye menyu utaona Bridge. Kabla hawajabonyeza kitu, waulize kama laini yako inatumia jina na nywila ya PPPoE, uandike kwenye daftari. Usipovipata utabaki na antena nne na intaneti hakuna. Wapo watakaokubali, na wapo watakaokuambia mfumo hauruhusu.

Mimi kwako nachagua ya pili: kiboksi kibaki bwana, rauta iwe msaidizi wa kusambaza waifai tu. Tafuta Access Point kwenye menyu yake. Usipoiona, fanya kwa mkono. Kama kiboksi ni 192.168.1.1, ipe rauta 192.168.1.2, mradi kiboksi hakiigawi anwani hiyo kwa simu za watu. Kisha zima DHCP, ndiyo ile kazi ya kugawa anwani. Mwisho kabisa hamisha waya kutoka tundu la WAN, ambalo mara nyingi lina rangi yake peke yake, uchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN. Mwisho, nimesema, nakuona mkono umeshafika kwenye waya. Jina la waifai na nywila ziwe zilezile pande zote mbili, simu zitahama zenyewe mtu akitoka sebuleni kwenda chumbani.

*Shangazi, rauta nimeiweka ndani ya kabati la sahani za wageni, juu nimeitandika kitambaa cha kufuma. Jikoni haishiki.*
*Mama Nadhifu, Kisauni*

Kitambaa kirudi kwenye kochi, rauta itoke kabatini, inapikika. Jikoni tumia GHz 2.4. GHz 5 ina mbio, ila ukuta wa tofali unaichosha.

*Shangazi, nataka kutazama kamera ya duka nikiwa safarini. Fundi amefungua mlango kwenye rauta, akafungua na kwenye kiboksi. Bado giza. Amekula hela yangu?*
*Mwenye Duka, Morogoro*

Usimtukane bado. Ingia kwenye kiboksi, usome anwani ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni nayo ina rauta yake juu yako, na anwani moja mnagawana na watu msiojuana. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, dunia imezimaliza, na mwaka 2012 fungu hilo likatengwa kwa kubanana huko. Fundi kafungua chumba, kafungua sebule. Geti liko kwa kampuni na ufunguo hukupewa. Uliza bei ya anwani ya umma. Au nunua kamera inayotoka yenyewe kwenda kwa mtengenezaji wake, nawe uichungulie huko. Mimi binafsi sipendi mtu wa mbali anihesabie chenji, lakini duka ni lako.

*Shangazi, ni mimi tena wa Tabata. Nimefuata yote, waya nikaugusa mwisho. Mke wangu ameiona printa kwenye simu yake, akacheka, akabonyeza. Printa ikaandika: wino umekwisha.*

Wino mwulize Mjomba, ukurasa wa 14.