Friji Yenye Akili, Karibu Kamanyola

Wataalamu wanatabiri kwamba kesho friji itajiagizia maziwa, taa zitatii sauti na gari litajiendesha. Sisi wa Kamanyola, huku Kivu, tunawapongeza, ingawa wamechelewa. Taa zetu zilipata akili zamani: haziwaki ovyo eti kwa sababu mtu kagusa swichi.

Na mto Ruzizi haupiti hapa bure, tuseme haki. Bwawa la Ruzizi ya Pili linazalisha umeme wa nchi tatu tangu 1989, na usiku watoto wetu husoma jiografia wakitazama taa za Bugarama, ng'ambo Rwanda. Shule gani ya Ulaya ina ubao mpana hivyo? Ruzizi ya Tatu ndiyo ajabu zaidi. Ilipangwa iwe ya megawati 147; leo inasemwa 206. Mtambo unaonenepa hivyo kabla ya kuwasha hata balbu moja, Wajapani wanao?

Gari la kujiendesha tunalisubiri Ngomo, kwenye barabara ya Bukavu. Likiona korongo huku na lori limelala huku, lenyewe litaomba kupitia Rwanda, kama wafanyavyo wenye akili wote.

Simu hatuna shida nazo. Madini ya koltani ya Kivu huondoka mchanga, hurudi kioo kinachomweleza mchimbaji hali ya hewa ya California, mpaka chaji iishe.

Friji nayo ije tu. Mwenye kioski cha kuchaji simu ameshaahidi kuipa nafasi kwenye foleni. Bei ataitangaza akishauona ukubwa wake.