Kadi ya Mahari, Pawa Saplai ya Chenji

Kila nikikaa muda kidogo, ananijia kijana aliyejinyima chipsi mwaka mzima akanunua kadi ya grafiki. Nikimuuliza pawa saplai ni ipi, ananiambia alichukua "ile iliyokuwepo", kama mtu anayepewa pipi dukani kwa kukosa chenji. Basi, kwa faida yake na ya pua yangu iliyochoka moshi, nahesabu makosa saba kurudi nyuma, tukianza na la kuchekesha.

7. Skrini kuchomekwa pasipo pake. Kadi imefungwa, gemu bado inakwamakwama. Geuza mashine: waya wa skrini uko palepale pa zamani, kwenye madabodi, na kadi imekaa tu kama mgeni aliyesahauliwa sahani. Hamisha waya. Sidai hela, niagizie soda.

6. Kununua bila rula. Wengi wetu tumeanzia kwenye Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizostaafu ofisini. Zile nyembamba hazipokei kadi ya kimo cha kawaida. Zinataka kadi fupi na bati lake fupi. Kadi za feni tatu nyingi hufika sentimita 30. Fundi mmoja aliniambia, "Tutalikata bati kidogo." Nilimwachia salamu, mashine nikaondoka nayo.

5. Kuazima nyaya. Pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa zinafanana upande wa kadi. Upande wa pili kila kampuni imepanga pini zake kivyake, na hata matoleo ya kampuni moja huweza kutofautiana. Waya wa jirani utaingia vizuri kabisa, na ndiyo hatari yenyewe. Mswaki wake ungeuazima?

4. Kuolewa na beji ya dhahabu. Alama ya 80 Plus inasema umeme kiasi gani unapotea kwa joto. Haisemi boksi la pawa saplai lina wati ngapi. Tuendelee.

3. Adapta ya kubahatisha. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati 75. Plagi ya pini sita huongeza 75, ya pini nane 150. Kadi ya RTX 3060 inakula 170, kwa hiyo tundu peke yake haliilishi. Kijana hana plagi ya pini nane, anaingia sokoni anatoka na adapta inayovuta umeme kwenye waya wa diski. Waya ule wa SATA, kwa volti 12, umepimiwa ampea 4.5, yaani wati 54. Umeibebesha bodaboda mzigo wa fuso. Kama plagi huna, tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la ziada. Inatosheka na zile 75 za madabodi. Nimesema *isiyo na tundu*, maana baadhi ya matoleo yanalo. Na wenye hela msicheke: RTX 4090 zilipotoka mwaka 2022, plagi kadhaa ziliyeyuka, na sababu mojawapo ilikuwa kutosukumwa mpaka mwisho.

2. Swichi nyekundu. Pawa saplai za bei ya kutupa nyingi zina kiswichi mgongoni: 115 au 230. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Yangu ilitoka dukani imewekwa 115, nami sikuangalia, nilikuwa nahangaika na taa za rangi. Nikawasha. Pah! Paka akahamia kwa jirani, chumba kikanuka samaki wa plastiki. Nikairudisha. Muuzaji akainusa, akatikisa kichwa kwa huruma: "Kaka, umeme wa kwenu mkubwa."

1. Kuamini namba kubwa. Hapa ndipo mahari huliwa. Boksi limeandikwa 500 kwa herufi kama za bango la mkutano wa hadhara, lakini ukilinyanyua ni jepesi kama kopo tupu. Achana na bango, soma jedwali dogo la ubavuni. Tafuta +12V, kwa sababu kadi na prosesa hula hapo karibu umeme wao wote. Ampea zake zidisha kwa 12. Niliyoishika dukani siku ile ya kurudisha iliandikwa ampea 16: wati 192. Hizo nyingine zimekwenda wapi, muulize aliyechora stika. RTX 3060 na prosesa ya wati 65 ni 235 tayari, bado feni, bado diski, bado ulaji wa kadi yenyewe kuruka ghafla mlipuko ukitokea kwenye gemu. Ndiyo maana Nvidia wanashauri boksi la wati 550 kwa kadi ya 170.

Nikamwomba muuzaji anishushie nyingine, nzito. Nikaigeuza, nikasoma, nikapiga hesabu kwenye simu, nikaigeuza tena. Akachoka.

"Kaka, unanunua au unaposa?"

Naposa, nikamwambia. Naomba na ile ya juu kule, nimwone na dada yake.