Aliye Juu, Mngoje Chini

Boriti ya jimnastiki ina urefu wa mita 5 na imeinuliwa sentimita 125 kutoka sakafuni. Upana wake ni sentimita 10: kiganja cha mtu, basi. Juu ya kiganja hicho binti hupinduka na kuruka kwa muda usiozidi sekunde 90. Akiyumba, anakatwa alama; akianguka, pointi nzima inakwenda.

Agosti 5, 2024, fainali ya boriti ya Olimpiki jijini Paris, mwanajimnastiki Sunisa Lee alianguka. Simone Biles naye akaanguka. Ukumbi kimya kama makaburini. Aliyethubutu kushangilia alinyamazishwa na wenzake. Dhahabu akaibeba Mwitaliano Alice D'Amato, kwa pointi 14.366.

Ndipo tulipoanza sisi, majaji wa makochi. "Aliye juu mngoje chini," tukasema, soda mkononi. Haya, ndugu yangu, mngoje. Lakini mwenzio Biles kaanguka akitoka kupinduka hewani. Wewe juzi umeteleza kwenye ngazi ya baraza, na ukuta umeushika. Tena ukimngoja, tandika mkeka kabisa, maana yeye alipanda tena boriti akamalizia. Wewe hata kupanda hujapanda.